MALI BILA DAFTARI: FUNZO LA YAEDA CHINI

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Neno hili kila mwenye duka analijua, na hata mchuuzi wa vitunguu kule Mang'ola, ambaye pengine hakufika mbali shuleni, hawezi kulala kabla hajaandika magunia mangapi yametoka na fedha ngapi zimeingia. Lakini ukiingia katika ofisi nyingi za umma, ofisi za wilaya, mashirika, na hata vyuo vikuu vyetu ambavyo ndivyo hekalu la elimu, utaulizia jalada na utaambiwa, "Njoo kesho, jalada halionekani." Kesho ukija utaambiwa karani mwenye ufunguo amesafiri. Leo tunataka kulizungumza jambo hili waziwazi, maana si jambo dogo la makarani kama wengine wadhanivyo. Ni jambo la haki, la ardhi na la Uhuru wetu.

Tutalizungumza kwa mfano wa mahali pamoja, nako ni Yaeda Chini, katika Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara. Bonde la Yaeda liko kusini ya Ziwa Eyasi. Ni nchi ya mibuyu, mawe na jua kali. Humo wanaishi ndugu zetu Wahadzabe, ambao zamani wageni na majirani waliwaita Watindiga, na humo pia wanaishi Wadatoga wafugaji na Wairaqw wakulima. Wahadzabe wote pamoja ni watu elfu moja na ushei tu. Wengi wao hata leo wanapata sehemu kubwa ya riziki yao kwa uta na mshale, kwa asali, kwa mizizi na matunda ya porini.

Kwa nini tumechagua watu wachache hivi? Kwa sababu hapana watu katika Tanzania nzima walioandikwa na wasomi kama hao, wala hapana watu ambao maandishi juu yao yako mbali nao kama hao. Mwaka 1911 Mjerumani Erich Obst alifika kwao na kalamu yake. Miaka ya 1930 akaja Mjerumani mwingine, Ludwig Kohl-Larsen, akachimbua mifupa ya kale kando ya Ziwa Eyasi na kuzikusanya hadithi za Wahadzabe, na hadithi hizo zikaja kuchapishwa Ujerumani, kwa Kijerumani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akaja Mwingereza James Woodburn, ambaye baadaye alifundisha katika chuo cha London School of Economics, na kazi yake ikawa msingi wa vitabu vingi vya wenzake. Mwaka 2012 wataalamu wa Marekani walichapisha hesabu ya nguvu inayotumiwa na mwili wa Mhadzabe kwa siku, wakaona kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haipiti nguvu inayotumiwa na mtu wa ofisini huko kwao. Mwaka 2014, na tena mwaka 2017, wataalamu wengine walichapisha habari za vijidudu vilivyomo matumboni mwao, vilivyopimwa kutoka katika vinyesi vyao. Naam, hata kinyesi cha Mhadzabe kina jalada lake Ulaya na Marekani, limepangwa, limepewa namba, na linalindwa.

Hatuwatukani wataalamu hao. Wengine walikuwa rafiki wa kweli wa Wahadzabe na walisimama upande wao mbele ya wakubwa. Tunauliza jambo moja tu: kijana wa Mongo wa Mono au wa Domanga anayetaka kujua babu yake alisema nini, alikaa wapi na alichimba maji wapi, atakwenda kusoma wapi? Je, ajifunze Kijerumani kwanza? Je, akate tikiti ya ndege? Chuo cha nchi za nje kinajua habari zake kuliko ofisi ya kijiji chake. Hiyo ndiyo hali tunayoisema, na tunasema si hali ya watu huru.

Mkoloni alifahamu nguvu ya daftari kabla yetu. Watu wengi hudhani alitutawala kwa bunduki. Bunduki ilitumika, lakini kila siku alitutawala kwa karatasi. Kila Bwana Shauri alikuwa na kitabu cha wilaya, ambamo aliandika koo, mipaka, majumbe, mila na kodi. Alipohamishwa, aliyekuja baada yake alikuta kitabu mezani na akaendelea pale mwenzake alipoishia. Mwaka 1923 Waingereza waliandika sheria moja ya ardhi, na kwa sheria hiyo nchi yote ya Tanganyika ikawa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mkulima aliyelala ana shamba la babu yake aliamka hana ila ruhusa ya kulikalia, na ruhusa yenyewe haikuwa na karatasi. Kwa hiyo mwaka 1951, Wameru walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki ili wapewe masetla nafasi, ndugu Kirilo Japhet hakwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952 na mkuki. Alikwenda na maneno yaliyoandikwa. Wameru hawakurudishiwa ardhi yao wakati ule, lakini dunia nzima ilisikia, na madai yao yakaingia katika maandishi ya Umoja wa Mataifa ambayo hakuna Gavana aliyeweza kuyachoma moto.

Tuje sasa katika wakati wa Uhuru, maana si haki kumlaumu mkoloni kwa kila kitu. Pale Hanang, jirani na Mbulu, Serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO. Mashamba yakawa saba, kila moja kama eka 10,000, katika malisho ya Wabarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki. Lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliigeuza hukumu hiyo. Kwa sababu gani? Halmashauri ya kijiji haikuweza kuthibitisha kwamba ilikuwa imegawiwa ardhi hiyo kwa utaratibu wa sheria, na wanakijiji nao hawakuthibitisha mbele ya mahakama kwamba walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria. Fikiri jambo hili, ndugu msomaji. Mbarabaig, ambaye makaburi ya wazee wake yako pale, anatakiwa athibitishe kuwa ni mwenyeji! Kaburi halikutosha. Mti halikuwa jina lake. Kumbukumbu ya wazee haikutosha. Ilitakiwa karatasi, na karatasi haikuwapo.

Na huko Yaeda kwenyewe? Mwaka 1927 Waingereza walijaribu kuwakalisha Wahadzabe mahali pamoja walime. Wakashindwa. Mwaka 1939 wakajaribu tena, wakashindwa tena. Mwaka 1965 Serikali yetu wenyewe, kwa nia njema ya kuleta shule na dawa, ikajaribu kuwaweka Yaeda Chini. Watu waliozoea kuhamahama katika vikundi vidogo walisongamana mahali pamoja, maradhi yakaenea, wengine wakafa, na waliobaki wengi wakarudi porini. Tunauliza: ofisi iliyojaribu mara ya tatu ilikuwa imelisoma jalada la mara ya kwanza na la pili? Ofisi isiyotunza kumbukumbu zake hurudia kosa lile lile kila inapobadilishwa mkubwa, na kila mkubwa hujiona ndiye wa kwanza kufikiri. Gharama ya kosa hilo hailipwi na mkubwa. Hulipwa na mwananchi.

Kisha ukaja mwaka 2007. Kampuni ya uwindaji yenye uhusiano na watawala wa Abu Dhabi ilitaka kupewa bonde la Yaeda liwe uwanja wao wa kuwinda. Wahadzabe wakalalamika kwamba hawakushirikishwa, kelele zikasikika ndani na nje ya nchi, na mwishoni mwa mwaka ule kampuni ikajitoa. Ilikuwa ushindi, lakini ushindi wa kelele ni kama moto wa mabua, huwaka sana na kuzimika upesi. Wenyewe wakatambua kwamba mwaka mwingine angeweza kuja mwingine. Hivyo, wakisaidiwa na jumuiya ya Ujamaa Community Resource Team, wakaifuata Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Wakapima, wakakaa na majirani zao, wakaandika mipaka, na mwaka 2011 wakapata hati ya haki miliki ya kimila kwa ardhi ya zaidi ya hekta 20,000, si kwa jina la mtu mmoja, bali kwa jina la jamii yao wote. Hati ya namna hiyo ya pamoja ilikuwa jambo jipya kabisa katika nchi yetu. Ndugu Edward Loure, mmoja wa viongozi wa jumuiya hiyo, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2016 kwa kazi ya hati za namna hii.

Tazama tofauti. Mulbadaw walikuwa na haki bila karatasi, wakashindwa. Wahadzabe waliitia haki yao katika karatasi, na hadi leo wana mahali pa kusimama. Hati haiwazuii ng'ombe wa watu wengine kuingia, wala haimzuii mkulima mwenye tamaa kukata msitu usiku. Lakini inamfanya Mhadzabe awe mdai, asiwe mwombaji.

Sasa tulinganishe mfanyabiashara na ofisi ya umma. Kwa nini mwenye duka hapotezi daftari lake? Je, yeye ni mwema kuliko karani wa Serikali? Hata kidogo. Halipotezi kwa sababu likipotea yeye mwenyewe ndiye anayeumia. Deni lisiloandikwa halilipwi. Pia Sheria ya kodi inamtaka atunze vitabu vyake miaka isiyopungua mitano, na mkaguzi akija asivikute, faini ni yake. Benki haimkopeshi bila hesabu. Na katika duka kuna mtu mmoja anayejulikana kuwa daftari ni kazi yake. Likikosekana, hauliziwi mwingine.

Katika ofisi ya umma mambo ni kinyume. Jalada likipotea, anayeumia si aliyelipoteza. Anayeumia ni mzee aliyestaafu, anayezunguka na bahasha yake ya kaki akitafuta barua ya ajira ya miaka arobaini iliyopita ili apate kiinua mgongo chake. Anayeumia ni mwanafunzi ambaye matokeo yake hayaonekani, na hawezi kuajiriwa mpaka yaonekane. Anayeumia ni mjane ambaye kiwanja chake kimeandikwa jina la mtu mwingine. Wakati huo masjala ni chumba cha chini, chenye panya na vumbi, na karani wa masjala anadharauliwa kuliko dereva. Mtumishi aliyekosa hupelekwa masjala kama adhabu. Tena wako wanaopenda hali iwe hivyo, maana jalada lililofichwa ni mtego wa rushwa. Mpe karani chai, na jalada lililopotea mwezi mzima litaonekana baada ya dakika tano. Hilo halikupotea. Lilitekwa nyara.

Je, basi tuseme ofisi za umma na vyuo vikuu viendeshwe kama duka? Wako wanaosema hivyo, na maneno yao yanapendeza masikioni. Sisi tunakataa, na tutaeleza sababu. Mfanyabiashara hutunza daftari kwa faida yake. Miaka ya sheria ikipita, hulichoma moto. Biashara ikifa, vitabu vyake hufa nayo. Na daftari lake ni siri. Huwezi kuingia dukani kwa mtu ukasema nionyeshe hesabu zako. Kumbukumbu za umma ni kitu kingine. Ni mali ya watu waliokufa, ya watu walio hai, na ya watu ambao bado hawajazaliwa. Karani wa Bwana Shauri wa Mbulu alipoandika mpaka wa bonde, hakujua kwamba miaka themanini baadaye mpaka huo ungegombewa. Hapana duka duniani linaloweka karatasi miaka themanini kwa ajili ya mjukuu wa mteja. Umma peke yake ndio wenye wajibu huo. Twasema basi: tuchukue bidii ya mfanyabiashara, tuache uchoyo wake.

Na wala si kweli kwamba umma hauwezi. Mwaka 2017 Serikali ilipohakiki vyeti vya watumishi wake, zaidi ya watumishi 9,900 walionekana kuwa na vyeti vya kughushi. Walijulikanaje? Walijulikana kwa sababu Baraza la Mitihani, chombo cha umma kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, lilikuwa limetunza orodha ya waliofanya mitihani. Jina la mtu na namba yake vilikutwa mahali pake, au havikukutwa, na uongo ukaonekana. Daftari la umma likitunzwa huwa na nguvu kuliko askari mia.

Tunavitazama vyuo vikuu vyetu kwa jicho la pekee, kwa sababu ni watoto wa Uhuru. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kabla hata bendera yetu haijapandishwa, kikiwa na kitivo kimoja cha Sheria na wanafunzi 14, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Jengo lile lilijengwa kwa michango ya wananchi, shilingi kwa shilingi. Kwa hiyo mkulima wa Mbulu asiyejua kusoma anayo sehemu yake katika chuo hicho na katika vyote vilivyozaliwa baadaye. Maktaba ya chuo kile ina mkusanyo wa mambo ya Afrika Mashariki, na humo yamo majalada ya Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni. Hiyo ni hazina, na waliyoitunza wanastahili shukrani zetu. Lakini hazina ambayo mwenyewe hajui kama ni yake, haina tofauti na fedha iliyofukiwa na mwizi.

Tena chuo kikuu cha umma siku hizi hakitunzi habari za kale tu. Tuchukue jambo la hewa ya kaboni, ambalo sasa linasikika vijijini kote. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, watu wa Yaeda wameingia katika mpango na kampuni ya Carbon Tanzania: wao wanalinda msitu usikatwe, na wanunuzi wa nchi za nje wanalipa kwa sababu msitu huo unashika hewa chafu. Walinzi wa kijiji huzunguka porini na kuandika walichokiona, miti iliyokatwa, wanyama, nyayo za wageni. Fedha hupita katika vijiji na kutumika kwa matibabu, karo za watoto na kazi za kijiji. Mpango huo ulisajiliwa kwa kanuni za Plan Vivo za Uskoti, ambazo zinataka walau asilimia 60 ya mapato iwafikie wenyeji. Mwaka 2019 Wahadzabe walipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sasa angalia ni madaftari mangapi yanayohusika hapo. Kwanza ni daftari la kampuni, nalo limenyooka, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya hatoi hata senti kabla ya kuona karatasi na mkaguzi wa nje. Pili ni daftari la umma. Kituo cha taifa cha kufuatilia hewa ya kaboni kilianzishwa ndani ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na kanuni za biashara ya kaboni za mwaka 2022 zikakipa kazi ya kuandikisha na kufuatilia miradi ya nchi nzima. Yaani kazi ya kuandika mali mpya ya taifa iliwekwa mikononi mwa chuo kikuu cha umma. Tatu ni daftari la kijiji. Hilo la tatu ndilo linalotutia wasiwasi. Katika vijiji vingi vya nchi hii ofisi ni chumba kimoja, sanduku halina kufuli, muhtasari wa mkutano umeandikwa katika daftari la shule, na mtendaji akihamishwa huondoka nalo mfukoni.

Siku moja madaftari haya matatu yatatofautiana. Hii si laana, ni desturi ya hesabu. Siku hiyo ni nani atakayeaminiwa? Ataaminiwa mwenye daftari bora. Kampuni italeta kitabu chenye jalada gumu na picha zilizopigwa kutoka angani. Chuo kitaleta, kama jalada litaonekana, kitabu chake. Mzee wa Kihadzabe ataleta kichwa chake, ambacho kinajua kila mbuyu, kila mzinga na kila chemchemi toka Domanga mpaka ziwani. Kichwa hicho ni maktaba kuliko maktaba nyingi, lakini tumeona pale Mulbadaw jinsi mahakama isivyosoma vichwa. Hatusemi kampuni hii ni mbaya. Kazi yake Yaeda imesaidia. Tunasema kwamba mwenye mali anayetegemea daftari la mnunuzi wake, hata mnunuzi awe mwaminifu namna gani, si mwenye mali kamili.

Watatuambia: fedha hazipo. Tunajibu kwamba sanduku la chuma na kufuli mbili si bei ya gari la mkurugenzi. Watatuambia: kompyuta zinakuja, zitamaliza matatizo yote. Tunajibu kwamba kompyuta ni sanduku tu. Ukitia fujo ndani yake, utapata fujo iliyo na umeme, na siku umeme ukikatika au mashine ikifa bila nakala, utapoteza kwa dakika moja kile ambacho panya wangekila kwa miaka kumi. Kwanza utaratibu, kisha mashine. Watatuambia pia: haya ni mambo ya siri. Yapo mambo ya siri, tunakubali. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda. Lakini mpaka wa kijiji si siri. Mkataba juu ya msitu wa wananchi si siri. Bunge lilitunga Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016 ili mwananchi aweze kuuliza na ajibiwe. Na Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 inazibana ofisi zote za umma zitunze kumbukumbu zake, wala mkubwa hana ruhusa kuziharibu kwa matakwa yake. Kwa hiyo hatuombi sheria mpya. Tunaomba sheria zilizopo zifanye kazi.

Basi haya ndiyo tunayoyadai.

Kwanza, kila chuo kikuu cha umma kiwe na masjala inayoongozwa na mtu aliyesomea kazi hiyo, mwenye cheo na mshahara wa heshima, na jina lake lijulikane. Jalada likipotea, aulizwe yeye, na mkuu wake aulizwe pamoja naye. Tukome kuifanya masjala jela ya watumishi wakosaji.

Pili, kila mtafiti, mgeni au mwenyeji, anayepewa kibali na Tume ya Sayansi na Teknolojia kwenda Yaeda Chini au kijiji chochote, arudishe nakala ya kazi yake kijijini, na muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili na usomwe kwa sauti katika mkutano wa kijiji. Anayechukua habari za watu ni sawa na anayekopa. Mkopaji mwungwana hurudisha.

Tatu, vyuo vyetu viandikiane na vyuo vya Ulaya na Marekani vyenye maandishi, picha na sauti za watu wetu, vidai nakala, na nakala hizo ziwekwe Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro, na pia Mbulu. Hapana sababu ya hadithi za Wahadzabe kupatikana kwa Kijerumani kabla ya kupatikana kwa Kiswahili.

Nne, daftari la kaboni la taifa liwe wazi kwa kila kijiji kinachohusika, ili mwenyekiti wa kijiji aweze kulinganisha kilichoandikwa juu ya msitu wake na kilichoandikwa nyumbani kwake. Mikataba yote iwe kwa Kiswahili, na nakala yenye sahihi ikae kijijini.

Tano, kila kijiji kiwe na masjala ya ardhi kama sheria inavyotaka, yenye chumba, sanduku la chuma na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mtendaji na mmoja kwa mtu aliyechaguliwa na wananchi wenyewe. Mtendaji akihama, akabidhi kwa maandishi mbele ya halmashauri.

Hayo ni madai yetu kwa wakubwa. Lakini Chama hakikujengwa na wakubwa, wala Uhuru haukuletwa na barua za wakubwa. Liko neno letu kwa wanachama. Ndugu, wewe una haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa kijiji chako. Je, uliwahi kuuliza daftari la ardhi liko wapi? Uliwahi kuomba muhtasari wa mkutano uliopita usomwe? Tawi lako lenyewe linayo orodha ya wanachama, hesabu ya ada na muhtasari wa mikutano, au vyote viko kichwani mwa katibu? Hatuwezi kumnyoshea kidole mkuu wa chuo ilhali katibu wetu wa tawi ameandika ada nyuma ya pakiti ya sigara. Tuanze nyumbani. Kila tawi lisomapo gazeti hili lifungue sanduku lake mwezi huu, lihesabu vitabu vyake, na lieleze wanachama limekuta nini.

Wahadzabe waliishi miaka mingi isiyohesabika bila karatasi, na hawakupungukiwa na kitu. Si wao walioleta karatasi katika bonde lile. Ililetwa na mkoloni, ikaletwa na shirika la ngano, ikaletwa na mwindaji tajiri, ikaletwa na mtaalamu na mfanyabiashara. Madhali imekwisha kuletwa, na ardhi ya watu inaweza kuondoka kwa karatasi moja, ni wajibu wetu sote kuhakikisha kwamba karatasi iliyo bora, iliyo safi na iliyotunzwa kuliko zote ni ile iliyomo mikononi mwa wananchi. Ardhi tuliipigania kwa jasho. Tusiipoteze kwa vumbi la masjala.